Nani Ameusoma Msimbo Huu?

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, taasisi iliyohitaji kompyuta kubwa ya kukokotoa hali ya hewa au mwendo wa nyota iliinunua kutoka kampuni kama Cray au IBM ikiwa kitu kizima: mashine, programu na fundi wake. Programu ikionyesha kasoro, mteja alipiga simu na kusubiri. Msimbo, yaani maandishi ambayo mwanaprogramu huyaandika na mwenzake huweza kuyasoma, ulibaki kwa muuzaji.

Hali hiyo imepinduka kabisa. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 katika orodha ya dunia ya mashine zenye nguvu kuliko zote zinaendeshwa kwa mfumo endeshi wa Linux, na nyingi mno kati yake ni klasta: maelfu ya kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao ili zifanye kazi kama kompyuta moja. Programu zinazoziongoza, kwa sehemu kubwa, ni huria. Mtu yeyote anaweza kuusoma msimbo wake, kuripoti kasoro, au kuleta badiliko lake na kuomba lipokelewe.

Kuleta badiliko kumekuwa rahisi zaidi kila muongo. Kulisoma badiliko la mgeni mstari kwa mstari, kisha kuthubutu kusema lipite au lisipite, kumebaki kazi ya watu wachache ambao mara nyingi wamechoka. Ukifuatilia historia ya programu hizi utaona kwamba misukosuko yake mingi mikubwa ilizuka pale wasomaji walipozidiwa na waandishi.

Kabla ya klasta: 1974–1991

Chombo cha kwanza cha ukaguzi kilitangulia klasta zenyewe. Katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani, Doug McIlroy na James Hunt walitengeneza diff, programu iliyotoka na mfumo endeshi wa Unix mwaka 1974. Kazi yake ni kulinganisha faili mbili na kutoa mistari iliyotofautiana tu. Mwaka 1985 Larry Wall akatoa patch, inayofanya kinyume chake: huichukua orodha ya tofauti na kuipachika kwenye faili ya mtu mwingine, hata kama mistari ya faili hiyo imeshasogea kidogo.

Kabla ya hapo, aliyerekebisha programu alituma programu nzima, au alieleza kwa maneno alichobadilisha. Sasa aliweza kutuma kiraka cha mistari kumi, na mpokeaji akaona mara moja kilichoondolewa na kilichoongezwa. Badiliko likawa kitu kinachosomeka peke yake, kinachoweza kujadiliwa, kukataliwa na kurudishwa kwa mwenyewe akalirekebishe. Kwa maoni yangu, ukiacha leseni, hakuna uvumbuzi ulioijenga programu huria kuliko huu.

Leseni nayo ilikuwa njiani. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na leseni yake ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuusoma na kuubadilisha msimbo, ikatoka 1989. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha Linux, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya GPL. Msimbo wa kusomwa ulikuwepo, njia ya kutumiana mabadiliko ilikuwepo. Zilibaki mashine.

1994: kompyuta kumi na sita za Goddard

Katika kituo cha NASA cha Goddard, Greenbelt, Maryland, Thomas Sterling na Donald Becker walikuwa na lengo ambalo wengi waliliona ni ndoto: kumpatia mwanasayansi wa dunia na anga kompyuta inayofikia operesheni bilioni moja kwa sekunde kwa gharama isiyozidi dola 50,000. Walichukua kompyuta 16 zenye prosesa za Intel 486 DX4, aina iliyouzwa madukani kwa matumizi ya ofisini na nyumbani, wakaziunganisha kwa nyaya za Ethernet za megabiti 10 kwa sekunde, na kuziwekea Linux. Mradi wakauita Beowulf.

Linux waliichagua kwa kuwa walihitaji kuushika msimbo kwa mikono yao. Prosesa zilikuwa na kasi kuliko mtandao, hivyo Becker akaibadilisha sehemu ya mtandao ili kila kompyuta itumie kadi mbili za Ethernet kwa pamoja na mzigo ugawanywe kati yake. Tayari alikuwa mwandishi wa draiva nyingi za Linux, yaani programu ndogo za kuendesha kadi za mtandao, na aliendelea kuziandika. Kadi za bei nafuu zilijaa vituko ambavyo mtengenezaji hakuvieleza popote, na klasta ilivifichua haraka. Kompyuta moja inayopoteza pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni) mara chache haimsumbui mtu. Kumi na sita zinazosubiriana husimama zote.

Hapo ikajitokeza tabia ya kasoro za klasta ambayo imetawala historia yote iliyofuata. Kasoro ya programu ya kawaida hurudiwa kwa urahisi: bonyeza hapa, itakwama. Ya klasta hutegemea mashine ipi ilitangulia kujibu, waya upi umelegea, saa ya nani imechelewa. Mara nyingi anayeweza kuiona ni yule tu mwenye klasta ile yenye mzigo ule, siku ile. Becker asingeweza kumiliki kila kadi iliyouzwa duniani. Watumiaji wakazikuta kasoro, wakampelekea maelezo na viraka, naye akasoma, akajaribu, akaviingiza. Marekebisho yakarudi kwenye Linux ya wote, na mwenye duka aliyetumia kadi ileile kwa kazi yake ndogo akanufaika na tatizo lililogunduliwa na wanasayansi wa anga.

Mwaka 1996 lengo lilifikiwa. Klasta mbili, Loki ya maabara ya Los Alamos na Hyglac ya chuo cha Caltech, kila moja ikiwa na prosesa 16 za Pentium Pro na gharama ya takriban dola 50,000, zilivuka operesheni bilioni moja kwa sekunde. Mwaka 1997 kazi hiyo ilishinda tuzo ya Gordon Bell katika kipengele cha nguvu kwa gharama. Vyuo vikuu vikaanza kujenga klasta zao.

Juu ya mashine hizo zilihitajika programu nyingine. PVM ilikuwa imeanzia maabara ya Oak Ridge mwaka 1989 ili kompyuta zitumiane ujumbe. Mwaka 1994 ikaja MPI, kanuni ya pamoja ya kazi hiyohiyo. Miaka ya mwanzo ya 2000 maabara ya Lawrence Livermore, California, ilianzisha Slurm, programu ya kupanga foleni ya kazi za watafiti na kuamua kazi ipi iende kwenye mashine ipi. Slurm ilifika mbali na California. Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ya ILRI, ndiyo iliyogawa zamu za klasta kwa watafiti wanaochambua jenomu za mifugo na vimelea. Hiyo ndiyo maana halisi ya programu huria kwa Afrika Mashariki: kasoro iliyorekebishwa California haikumdai mtafiti wa Nairobi ada ya leseni, na kasoro atakayoiona yeye ana mahali pa kuipeleka.

1998–2005: mtu mmoja hatoshi

Kila kiraka cha Linux kilipitia kwa Torvalds mwenyewe, kwa barua pepe. Mwanzoni ilitosha. Kufikia 1998 haikutosha tena. Viraka vilipotea, na mtumaji hakujua kama chake kimekataliwa au hakikusomwa kabisa. Akatuma tena, na tena. Ugomvi ukawa wazi mwaka huo, Torvalds akapumzika kwa siku kadhaa, na wenzake wakakubaliana kwa sauti kwamba mtu mmoja hawezi kuwa mlango pekee wa mradi mkubwa namna hiyo.

Dawa ilikuja polepole, na ilikuwa ya kijamii kabla haijawa ya kiufundi. Kiini kiligawanywa katika sehemu, kila sehemu ikawa na mtunzaji anayeaminika: wa mtandao, wa faili, wa draiva za aina fulani. Torvalds aliacha kusoma kila mstari, akaanza kuwaamini waliousoma. Uaminifu huo haukutolewa kwa cheti. Mtu aliupata kwa kutuma viraka vizuri kwa miaka, na kwa kusahihishwa mbele ya watu bila kukimbia.

Vyombo vilifuata. Mwaka 2002 mradi ulianza kutumia BitKeeper, programu ya kutunza historia ya msimbo, ya kampuni binafsi, iliyotolewa bure kwa masharti, na wengi walipinga wakisema mradi huria usitegemee kitu kilichofungwa. Wakapewa haki na matukio. Aprili 2005 ruhusa ya bure iliondolewa baada ya mwanaprogramu Andrew Tridgell kuchunguza jinsi programu hiyo inavyowasiliana. Torvalds akasimamisha kazi nyingine zote na ndani ya siku chache, Aprili 7, Git, programu yake mpya ya kushika nafasi ya BitKeeper, ilikuwa inahifadhi msimbo wake yenyewe. Juni mwaka huohuo, toleo la 2.6.12 la Linux lilitoka likiwa chini ya Git.

Git inampa kila mtu nakala kamili ya historia, na kila badiliko hupata alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, hivyo yaliyopita hayabadilishwi kimyakimya. Sheria nyingine ilikuwa imetangulia. Baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 ikidai msimbo wake umeingizwa ndani ya Linux, mradi uliamua mwaka 2004 kwamba kila badiliko lazima liwe na jina la aliyelileta na la kila aliyelipitisha. Kuanzia hapo mstari wowote mpya wa kiini una ukoo: ukiharibika, unajua nani aliuandika na ulipita mikononi mwa nani.

Yote hayo yaliponya tatizo la kubeba mabadiliko. Tatizo la kuyasoma lilikua. GitHub ilipofunguliwa mwaka 2008 na kuweka njia ya kuomba badiliko liunganishwe kwa kubonyeza tu, mtu asiyewahi kuujua mradi aliweza kuuletea kazi ndani ya dakika chache. Kuisoma kazi hiyo bado kulichukua saa zilezile.

2006–2012: kura, na sekunde moja

Katika miradi ya Apache, taasisi iliyoundwa 1999, ukaguzi ulichukua sura ya kura. Mtunzaji huandika +1 akikubali, na -1 akipinga. -1 yenye sababu ya kiufundi humzuia hata aliye maarufu kuliko wote. Ndani ya utaratibu huo, mwaka 2006, Doug Cutting na Mike Cafarella walizaa Hadoop, programu ya kuhifadhi na kuchakata data kwenye klasta za mashine za kawaida, kwa mawazo yaliyotokana na makala mbili za Google za 2003 na 2004. Yahoo iliichukua kwa nguvu. Februari 2008 ilitangaza kwamba inatengeneza ramani yake ya wavuti kwa Hadoop kwenye klasta yenye viini zaidi ya 10,000 vya prosesa.

Hadoop ilimpa kura mpiga kura mpya. Kiraka kilipowekwa kwenye rekodi ya kasoro, programu ya majaribio ilikichukua, ikakijaribu, na kuandika +1 au -1 yake kabla ya binadamu yeyote kufungua faili. Ilionekana jambo dogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi katika ulimwengu wa klasta kuona mashine ikimpunguzia msomaji mzigo: viraka visivyokubali hata kujengeka havikumfikia tena.

Lakini jaribio hujibu maswali yaliyokwisha kuulizwa. Usiku wa Juni 30, 2012, wasimamizi wa saa za dunia waliongeza sekunde moja ili saa zilingane na mzunguko wa dunia. Afrika Mashariki ilikuwa usiku wa kuamkia Julai 1, ukingoni mwa saa tisa. Kiini cha Linux kiliipokea sekunde hiyo bila kuzijulisha saa zake za ndani zinazoamsha programu zilizolala. Matokeo yake, programu iliyoomba kulala sehemu ya sekunde iliamshwa papo hapo, ikaomba tena, ikaamshwa tena, bila kikomo. Programu za lugha ya Java ziliumia zaidi, na klasta za Hadoop na za hifadhidata ya Cassandra ni za Java. Prosesa zilipanda hadi asilimia 100 duniani kote kwa wakati mmoja. Tovuti ya Reddit ilianguka. Kampuni ya seva ya Hetzner nchini Ujerumani iliona matumizi yake ya umeme yakiongezeka kwa takriban megawati moja.

Tiba ya dharura iliwashangaza waliokuwa wakihangaika: kuiambia kompyuta tarehe ileile iliyokuwa nayo. Amri hiyo ililazimisha saa za ndani zijipange upya na mzigo ukashuka. Marekebisho ya kudumu aliyaandika John Stultz, mtunzaji wa sehemu ya saa za Linux, na kwa sababu sehemu hiyo ilikuwa na mwenyewe aliyeijua, yalipatikana ndani ya siku chache. Msimbo ule ulikuwa umesomwa na watu wazoefu. Hakuna aliyekuwa ameusoma akiwa na klasta ya Java kichwani, saa sita usiku ya Greenwich, yenye sekunde iliyozidi.

2013–2014: kuvunja kwa makusudi

Mwaka 2013 Kyle Kingsbury alianza kazi aliyoiita Jepsen: kuzichukua hifadhidata za klasta, kukata mawasiliano kati ya mashine zake kwa makusudi, kisha kukagua kama data iliyothibitishwa kuwa imehifadhiwa bado ipo. Nyingi zilipoteza. Redis, MongoDB, Cassandra, Elasticsearch, kila moja ilipatikana na tofauti kati ya ahadi za nyaraka zake na matendo yake. Ripoti zake zilibadilisha namna ya kukagua: mkaguzi wa hifadhidata hakutosheka tena kuuliza kama msimbo ni safi, aliuliza nini kitatokea mtandao ukikatika kati ya mstari huu na unaofuata. Hata nadharia haikusalimika. Raft, kanuni ya makubaliano kati ya mashine iliyobuniwa Stanford na Diego Ongaro na John Ousterhout ili ieleweke kwa urahisi, ilipatikana na kasoro katika njia yake moja ya kubadilisha wanachama wa klasta, na mwaka 2015 ni Ongaro mwenyewe aliyeitangaza pamoja na dawa yake.

Nje ya hifadhidata, Aprili 2014 kulikuwa na Heartbleed, tundu katika OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya intaneti, lililoruhusu kunyonya siri kutoka kumbukumbu ya seva. Msimbo huo ulikaguliwa ulipoingia, na ukatumika miaka miwili kabla ya kugunduliwa. Sehemu kubwa ya intaneti iliutegemea mradi uliokuwa na watunzaji wa kuhesabika kwa vidole, na ndipo kampuni kubwa zilipoanza kuchanga fedha.

2014–2018: Kubernetes na wakaguzi wa chuma

Juni 6, 2014, Google iliweka hadharani faili 250 zenye mistari 47,501. Huo ulikuwa mwanzo wa Kubernetes, mradi wa Joe Beda, Brendan Burns na Craig McLuckie uliotokana na uzoefu wa Borg, programu ya ndani inayoendesha klasta za Google. Kubernetes hupokea kontena, yaani vifurushi vyenye programu na mahitaji yake, na kuamua zikae mashine gani, huzifufua zikifa, huziongeza mzigo ukizidi. Toleo la 1.0 lilitoka Julai 2015 likithibitishwa kwa klasta ya mashine 100. Kufikia Machi 2017 zilikuwa 5,000.

Wachangiaji waliongezeka kuliko matarajio ya waanzilishi, na foleni ikafura. Mwanzoni kila badiliko lililokubaliwa lilisubiri zamu ya kujaribiwa upya juu ya msimbo wa karibuni kabisa, moja baada ya jingine, kama malori kwenye mizani ya barabara kuu. Jaribio moja lenye tabia ya kuanguka bila sababu lilitosha kusimamisha foleni nzima. Watunzaji wakaanza kujaribu mabadiliko kwa mafungu, kisha wakajenga Prow, mfumo wa majaribio unaoendeshwa ndani ya klasta ya Kubernetes yenyewe.

Pamoja na mashine ulikuja mgawanyo wa mamlaka. Kila folda ya msimbo ina faili ya wenyewe, yenye orodha ya wakaguzi na ya waidhinishaji. Mkaguzi huandika /lgtm akiridhika na msimbo. Mwidhinishaji huandika /approve akikubali kwamba badiliko linastahili kuwepo. Roboti husoma amri hizo, huangalia kama aliyeziandika ana haki katika folda hiyo, na ndiyo inayounganisha. Hakuna mtu anayebonyeza kitufe kwa mkono. Uanachama unadai wadhamini wawili, na ukaguzi unadai miezi ya kazi inayoonekana. Naupenda utaratibu huu kwa jambo moja: umetenganisha maswali mawili ambayo kwa Torvalds wa 1995 yalikuwa swali moja. Msimbo unaweza kuwa mzuri na usihitajike.

Una upande mchungu pia. Ripoti ya kasoro isiyoguswa kwa siku 90 roboti huibandika alama ya kuchakaa, baada ya 30 nyingine ya kuoza, na baada ya 30 tena huifunga. Mtu aliyetumia usiku mzima kuandika maelezo ya hitilafu ya klasta yake huambiwa na programu kwamba muda wake umekwisha. Kasoro haijafa. Kilichokwisha ni uwezo wa kuisoma.

Sekunde tano

Kuna kasoro moja ya kipindi hiki inayostahili kusimuliwa kwa utulivu. Mwishoni mwa 2017 watumiaji wa Kubernetes walilalamika kwamba mara kwa mara programu zao zinakwama zinapouliza anwani ya mashine nyingine, na kila mara hukwama kwa sekunde tano kamili. Wengine walimlaumu mtoa huduma ya mtandao, wengine programu ya majina ya klasta, wengine lugha waliyoandikia.

Sekunde tano ni muda ambao programu ya kuuliza majina husubiri kabla ya kurudia swali. Kwa hiyo swali au jibu lilikuwa likipotea njiani. Wahandisi wa makampuni mbalimbali walifuata nyayo hadi ndani ya kiini cha Linux, kwenye sehemu inayoweka kumbukumbu za mawasiliano. Programu huuliza anwani mbili kwa wakati mmoja, ya IPv4 na ya IPv6, kupitia mlango uleule. Pakiti mbili zikifika kwa pamoja, kila moja hujiandalia rekodi. Wakati wa kuziandika, ya pili huonekana ni mgongano, na kiini huitupa pakiti yake. Msimbo huo ulikuwepo kabla ya Kubernetes. Klasta zilizofanya tafsiri ya anwani kwa kila pakiti ndizo zilizoigeuza ajali ya nadra kuwa jambo la kila saa.

Martynas Pumputis, aliyekuwa katika kampuni ya Weaveworks, aliandika viraka. Hakuvipeleka kwa Kubernetes, kwa kuwa kosa halikuwa huko. Alivipeleka kwa watunzaji wa mtandao wa Linux, wenye desturi zao, barua pepe zao na subira yao. Viliingia katika matoleo ya 4.19 na 5.0, la mwisho likitoka Machi 2019. Malalamiko yalianza katika mradi mmoja, ushahidi ukakusanywa na watu waliofanya kazi kwa washindani, tiba ikatoka mradi mwingine. Hilo lisingewezekana kama msimbo wa ngazi hata moja ungekuwa umefungwa.

Desemba 2018

Desemba 3, 2018, Kubernetes ilitangaza tundu lake la kwanza kubwa, lenye alama 9.8 kati ya 10. Aliyeligundua ni Darren Shepherd wa kampuni ya Rancher Labs. Mtumiaji aliweza kumwomba mlinzi wa klasta, seva ya API, amfungulie njia ya moja kwa moja kwenda mashine ya ndani. Mashine hiyo ikikataa, seva ya API haikuangalia jibu. Iliiacha njia wazi ikidhani imekubaliwa, na kila ombi lililofuata lilipita kwa mamlaka ya seva ya API yenyewe. Kwa kuwa maombi hayo yalipita ndani ya njia iliyokwisha funguliwa, kumbukumbu za kawaida hazikumtofautisha mvamizi na seva.

Lilikuwepo tangu toleo la 1.0. Zaidi ya miaka mitatu msimbo huo ulikuwa hadharani, katika mojawapo ya miradi inayosomwa na wahandisi wengi kuliko yote duniani. Tiba ilikuwa kulikagua jibu kabla ya kuendelea. Matoleo yaliyorekebishwa yalikuwa tayari siku ya tangazo. Mwaka 2019 ukachapishwa ukaguzi wa kwanza wa usalama uliofanywa na kampuni za nje, Trail of Bits na Atredis Partners, na Januari 2020 ukafunguliwa mpango wa kuwalipa wanaoripoti matundu. Hatimaye kusoma kukapewa bei.

2021–2026: mlango bila mlinzi

Kilichofuata kilionyesha kwamba uchovu wa watunzaji ni silaha. Kuanzia 2021, mtu aliyejiita Jia Tan alileta viraka vizuri kwa xz, maktaba ndogo ya kubana data iliyotunzwa na mtu mmoja. Mwaka 2022 majina mengine yalimshinikiza mtunzaji huyo akubali msaidizi. Akakubali. Februari na Machi 2024 yalitoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1, yakiwa na mlango wa siri wa kuingilia seva kupitia ssh, programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali. Sehemu yake ilifichwa ndani ya faili za majaribio, na nyingine katika kifurushi cha toleo, nje ya historia ya Git ambayo wakaguzi huisoma. Andres Freund, mwanaprogramu wa PostgreSQL, aliona ssh ikichelewa takriban nusu sekunde, akakataa kuipuuza, na Machi 29, 2024, akatangaza alichokikuta. Ngazi ya uaminifu iliyojengwa tangu 1998, ya kumpa funguo anayefanya kazi nzuri kwa muda mrefu, ilikuwa imepandwa na mtu mwenye subira kuliko wakaguzi wake.

Ndani ya Kubernetes yenyewe, tatizo lilikuwa la kawaida zaidi. Ingress NGINX ni programu inayopokea maombi kutoka nje na kuyapeleka ndani ya klasta. Kwa maelezo ya mradi wenyewe, zaidi ya asilimia 40 ya klasta za Kubernetes ziliitumia. Kwa miaka ilitunzwa na mtu mmoja au wawili, baada ya saa za kazi na mwishoni mwa wiki. Machi 24, 2025, yalitangazwa matundu yaliyogunduliwa na kampuni ya Wiz, kubwa lake likiwa na alama 9.8, likimruhusu yeyote aliye ndani ya mtandao wa klasta kuiteka. Yalizibwa. Watunzaji walikuwa wamekwisha kuomba wenzao zaidi, na kupanga programu mbadala. Watu wa kutosha hawakujitokeza.

Novemba 2025 mradi ulitangaza kwamba Ingress NGINX itaendelea kutunzwa kadiri inavyowezekana hadi Machi 2026 tu. Baada ya hapo hakuna toleo jipya, hakuna kasoro itakayorekebishwa, na tundu litakalogunduliwa halitazibwa. Tangazo lilifafanua kwamba programu zilizokwisha kusimikwa hazitazimwa. Zitaendelea kupokea maombi na kuyapeleka ndani, kwenye kila klasta ambayo mwenyewe hajaiondoa.